Hukumu ya Kanda ya Kumi na Tisa

Chizuru Okabayashi alikuwa ameziua kanda nyingi kwa kalamu yake, na hakuna hata moja iliyowahi kumnyima usingizi. Hii ya kumi na tisa ilimgeukia Jumamosi asubuhi, amesimama jikoni na gazeti mkononi, supu ya miso ikichemka mpaka inamwagika juu ya jiko na yeye hana habari.

Gazeti lenyewe liliitwa Mkwaruzo. Lilitoka mara nne kwa mwaka na kusomwa na watu elfu moja hivi, wengi wao wakiwa walewale wanaoutengeneza muziki unaoandikwa humo: muziki wa feni mbovu, wa redio isiyoshika stesheni, wa vyuma vinavyoburuzwa juu ya saruji. Mtu wa kawaida akiusikia huuliza kama kuna bomba limepasuka. Chizuru akiusikia alifumba macho. Kila toleo alihakiki kanda na santuri mpya thelathini, kila moja mistari kumi na miwili, na Osaka nzima mistari hiyo iliogopwa, maana ndani yake hakuwa na rafiki wala adui.

Kisa ni kanuni moja aliyojitungia mwenyewe. Mhariri wake, Munakata, alibandua karatasi zote, akafuta jina la mtengenezaji na jina la kanda, akaandika namba tu. Chizuru alisikiliza namba, akahukumu namba. Majina aliyaona baadaye, gazeti likishachapwa, sawa na msomaji mwingine yeyote. Kanuni hiyo aliiweka mwaka ule alipompenda Renji Kuramochi, ili asije mtu akasema anambeba mpenzi wake.

Sasa alikuwa anasoma kwa mara ya tatu:

"19. Renji Kuramochi, Namba 203. Kanda, nakala hamsini. Nyumba hii haina mtu..."

Namba 203 ndiyo iliyokuwa kwenye mlango wa nyumba ya Chizuru.

Alizima jiko, akampigia Munakata.

"Ulijua?" aliuliza, bila hata salamu.

"Nilijua."

"Ukaacha ichapwe."

"Dada, ulinifanya niape. Ulisema hata kama ni mama yako mzazi, nisikuambie. Siku mbili nzima nimekaa naitazama simu. Nikasema, nikiivunja kanuni leo, kesho huyu ananifukuza kazi."

"Wewe ndiye mwajiri wangu, Munakata."

"Ndivyo unavyodhani wewe," alisema Munakata kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Siku nyingine wangecheka. Chizuru aliuliza, "Waliolipia kwa mwaka walilipata lini?"

"Jumatatu. Na Renji ni mmoja wao. Sikiliza, kuna jingine. Jana alinipigia kufuta onyesho lake la Novemba. Ameniambia mshenga wa Tsubame anafika leo saa saba. Leo ni siku ya heri kwenye kalenda, ndiyo wakaichagua."

Habari za mji huo wa Tsubame hazikuwa ngeni kwa Chizuru. Huko kulikuwa na familia ya Hoshina, wafua vijiko na miiko ya chuma kwa vizazi vinne, na vizazi vyenyewe vimeishia kwa binti mmoja. Walitaka kijana anayejua mashine, amwoe binti, achukue jina lao, awe mtoto wao kabisa. Renji alikuwa mtoto wa pili wa fundi skrubu wa Higashi-Osaka, na karakana ya baba yake ilikuwa tayari ya kaka mtu. Miezi minane mzee alimsihi akubali, miezi minane Renji alisema hapana bila kutoa sababu. Sababu ilikuwa Chizuru, na Chizuru alijua. Alichokuwa anangoja ni Renji aitamke hiyo sababu kwa kinywa chake.

Kumbe Renji alishaitamka, kwa kanda, na Chizuru ndiye aliyeichana.

Alichomoa kanda namba kumi na tisa kwenye rundo, akaitia kwenye kicheza kanda chake cha mfukoni, akakimbilia treni. Alisikiliza amesimama, ameegemea mlango, watu wakipita na mifuko yao ya sokoni. Mwezi uliopita alikuwa amesikia mvumo, mgongano wa chuma, na mnong'ono uliopunguzwa mwendo hata haueleweki. Leo, kwa kuwa alikuwa anajua, alisikia birika lake. Alisikia ndala zake zikivuliwa mlangoni, na dirisha lake la bafuni linalogoma kufungika. Katikati ya mvumo akajisikia mwenyewe, sauti nzito na ya polepole, akijiambia "haya basi" kama anavyojiambia kila anapoinuka kitini. Machozi yalimtoka palepale, wala hakujali nani anamtazama.

Kisha ukaja upande wa pili. Hapo Renji alikuwa ameyafunika yote kwa ngurumo moja ndefu, dakika ishirini na mbili, hakuna birika, hakuna mtu. Na kwenye moyo wa Chizuru uliokuwa unavuja, palikuwa na kijipembe kimoja kikavu kilichosema: hapa ameogopa, hapa ameiharibu. Alijichukia kwa wazo hilo, lakini halikumtoka.

Alishuka stesheni ya Fuse saa sita na dakika kumi, akaenda mbio hadi karakana ya Kuramochi. Mzee Kuramochi mwenyewe alikuwa nje anamwagia maji kizingiti, amevaa suti nyeusi ya sherehe na ndala za mpira. Miaka hamsini ya mashine za kukata skrubu ilikuwa imemla masikio, kwa hiyo alizungumza kama anayeita mtu ng'ambo ya barabara.

"Ah, mwandishi! Ingia, ingia. Viatu vua hapo, pameshafutwa."

"Mzee, nisamehe kuja bila taarifa. Naomba kuonana na Renji."

"Eh?"

"Renji, mzee."

"Anafunga tai. Tangu asubuhi mtu wa miaka thelathini na saba anafunga tai moja. Kaa unywe chai."

Chizuru alikaa kwenye mkeka, miguu ameikunja chini yake. Chumba kilikuwa kimepangwa kwa ajili ya mgeni mwingine: maua mapya, mito mipya ya kukalia, na mahali palipoachwa wazi ambapo mshenga angeweka zawadi za posa, ngisi wakavu na mwani uliofungwa kwa nyuzi za dhahabu. Zawadi zikipokelewa, neno limefungwa. Kila mtu alijua hivyo. Pembeni ilikuwa madhabahu ya marehemu, na picha ya mama yake Renji ndani yake. Mbele ya picha, kati ya kibakuli cha wali na kijiti cha ubani, palilazwa gazeti la Mkwaruzo.

Mzee aliona macho yake yalikokwenda.

"Nimemwekea mama yake asome," alisema, akamimina chai ya shayiri. "Habari njema tunampelekea yeye kwanza. Renji aliliacha mezani Jumatatu, nikasema ngoja nione hawa watu wanasemaje. Sikuelewa hata neno moja, mpaka nilipofika kwako. Wewe unaandika waziwazi, kama fundi."

"Mzee, naomba..."

Hakusikia. Alishalichukua gazeti kwa mikono miwili, akavaa miwani. "'Mtengenezaji ana jambo la kusema, na amelifunika kwa kelele kwa sababu anaogopa. Anayeogopa asitusumbue masikio. Atafute kazi nyingine.'" Akavua miwani. "Mimi nimemwambia hayo miaka kumi na mitano, nimepiga meza, nimepasua na vikombe. Wewe umemaliza kwa mistari kumi na miwili. Jumatatu hiyohiyo alishuka hapa akapiga magoti, akasema, 'Baba, waambie akina Hoshina nimekubali.' Nikamwambia mama yake, mtoto wetu amepona."

Kisha mzee yule, aliyemzidi Chizuru miaka arobaini, akaweka viganja chini akamwinamia mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Chizuru hakujua aweke wapi macho. "Usifanye hivyo, mzee, nakuomba. Mimi na Renji ni..."

"Najua." Safari hii sauti ya mzee ilishuka, ikawa sauti ya kawaida ya mtu na mtu. "Mimi si kiziwi kiasi hicho. Miaka saba, binti yangu. Mngekuja kuniomba, ningekataa. Ningekataa mara ya kwanza, ningekataa ya pili, ya tatu ningekubali, maana wazee ndivyo tulivyo. Lakini hakuna aliyekuja. Nimkubali vipi mtu ambaye sijaletewa?"

Chizuru aliinamia kikombe chake.

Renji aliingia wakati huo, tai imekwenda upande. Alipomwona Chizuru alisimama, mkono mmoja bado uko shingoni. Walitazamana, na katika kutazamana huko Chizuru aliona kwamba amekonda, na kwamba amenyoa vibaya chini ya kidevu. Alitamani kuinuka aguse pale mahali. Mzee aliwaangalia wote wawili, akachukua ndoo yake.

"Saa saba bado," alisema. "Nendeni karakana mzungumze. Mimi sisikii kitu."

Karakanani mashine zote zilikuwa zimezimwa. Chizuru hakuwahi kuisikia ikiwa kimya hivyo. Renji alikaa juu ya kreti la skrubu, suti yake mpya na yote, Chizuru akabaki wima.

"Kwa nini hukuniambia ni yako?"

"Ningekuambiaje? Kanuni ni yako, si yangu."

"Kanuni ni ya kuhakiki, Renji. Si ya kuposea."

"Nani kakuambia ilikuwa posa?"

Chizuru alimkazia macho. "Haikuwa?"

Renji alichezea skrubu moja kati ya vidole, akairudisha kretini. "Ilikuwa."

"Una mdomo. Una ulimi. Una simu. Mtu mzima, na akili zako, unaposa kwa kanda, tena unaipeleka kwa mhakiki haina jina?"

"Nilidhani utaisikia, Chizu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wewe unayesikia feni ukajua ni ya mwaka gani. Nikasema, akisikia birika lake tu, atajua. Akijisikia mwenyewe akisema 'haya basi', atacheka, atanipigia saa ileile. Nimekaa na simu mwezi mzima, hata chooni naingia nayo."

"Nani anaijua sauti ya nyumba yake? Mimi najua sauti za nyumba za watu. Ulirekodi lini?"

"Mwaka mzima. Maikrofoni niliibandika chini ya meza yako ya kulia."

"Ndiyo maana kila siku nakukuta umeinama chini ya meza."

"Nilikuambia natafuta soksi."

"Kila siku soksi?"

"Kila siku. Na wewe hukuuliza kwa nini mtu mmoja anapoteza soksi namna hiyo."

Kicheko kiliwatoka wote wawili, kifupi, kikakatika njiani. Kilipokatika kiliacha maumivu makubwa kuliko kabla. Chizuru alipiga magoti mbele ya kreti, akaushika mkono wa Renji kwa mikono yake miwili.

"Kataa. Mshenga hajafika. Nitakwenda kwa baba yako mimi mwenyewe, anikatae mara mbili, ya tatu atakubali. Kaniambia mwenyewe."

"Nimeshatoa neno."

"Neno si ngisi. Ngisi bado hawajaingia ndani."

"Binti wa watu ameniandikia barua," alisema Renji. "Ameniomba radhi kwamba nyumba yao ina baridi sana mwezi wa pili. Ameniuliza miguu yangu saizi gani, anifumie soksi. Anaitwa..."

"Usinitajie jina lake."

Renji akaichukua tena ile skrubu kretini.

"Unampenda?"

"Nimemwona mara mbili. Tumezungumza habari za theluji."

"Na kelele zako?"

"Wamesema mashine zao zinatosha."

Chizuru alikilaza kichwa chake juu ya magoti ya Renji. Nguo ilikuwa ngeni, ina harufu ya duka. Mkono wa Renji ulikuja taratibu ukatua juu ya nywele zake, ukakaa, na kwa muda kidogo alijidanganya kwamba yamekwisha, kwamba watainuka watoke kwa mlango wa nyuma wakale tambi pale stesheni kama siku zote.

"Niulize sasa," alisema, uso bado umefichwa. "Kwa mdomo. Nitakujibu."

"Nina swali moja tu. Ukinijibu, natoka hapo mlangoni namrudisha mshenga na ngisi wake, baba afanye atakavyo."

Chizuru aliinua uso. "Uliza."

"Umeisikiliza tena?"

Halikuwa swali alilolitegemea. "Ndiyo. Ndani ya treni."

"Pande zote mbili?"

"Zote mbili."

"Sasa unajua kila kilichomo ni chako. Unajua nilikusudia nini." Renji alimtazama machoni bila kupepesa. "Ni nzuri?"

"Kwa nini unaniuliza hilo? Niulize lile jingine."

"Kwa sababu tangu nianze kupiga kelele sina kitu kingine. Kama ile ni mbaya, basi sina cha kukuletea. Nitakuwa mwanamume aliyekaa kwako na feni yake mbovu, na wewe utakuwa unanionea huruma. Nimeliona hilo Jumatatu, nimeliona wazi. Kama ni nzuri, nitabaki hata tukila wali mtupu. Na mtu wa kuniambia ni wewe tu. Wengine wote wananipigia makofi."

Nje, ndoo ya mzee iligonga kizingiti. Chizuru alijua anachotakiwa kusema. Neno lilikuwa moja, fupi, mtoto angeweza kulisema. Alikumbuka upande wa kwanza, ndala na birika, akajaribu kusimama hapo, asivuke. Lakini upande wa pili ulikuwepo, dakika ishirini na mbili za mtu aliyefunga mlango baada ya kuugonga, na masikio yake hayakuwa yanapokea amri kutoka kwake. Hayajawahi.

"Nzuri," alisema.

Aliisikia sauti yake mwenyewe. Ilipanda mwishoni. Katika miaka saba Renji alikuwa amemsikia akiliita jambo zuri labda mara nne, na mara zote alilisema chinichini, haraka, karibu na hasira, kama mtu aliyelazimishwa. Hakuwahi kulisema huku akitabasamu.

"Rudia," alisema Renji.

"Ni nzuri, Renji. Nakuapia."

"Hujawahi kuniapia juu ya kanda."

"Nakupenda," alisema Chizuru, na sasa sauti ilishuka mahali pake, nzito, ya kweli, haina nyongeza. "Nakupenda tangu ile siku ulipounguza fyuzi za ukumbi mzima ukasema ndiyo wimbo wa mwisho. Nakupenda. Ungesikia hilo badala ya lile."

"Nimelisikia." Macho ya Renji yalikuwa yamejaa. "Nimesikia yote mawili. Ndiyo shida yetu sisi wawili, tunasikia."

"Basi ipunguze. Toa upande wa pili. Upande wa kwanza peke yake..." Alijizuia, lakini alikuwa amekwisha chelewa. Mhakiki alishasema. Alijifunika mdomo kwa kiganja, na Renji akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa majibu ya daktari ambayo alikuwa anayajua.

Gari liliingia uani. Milango ikafunguliwa, sauti ya mwanamke ikasifu hali ya hewa, na mzee Kuramochi akaanza kuita kwa lile koo lake. "Renji! Wageni!"

Renji alisimama. Alipangusa magoti ya suruali, pale kichwa cha Chizuru kilipoacha unyevu, na tai akashindwa nayo. Chizuru aliinuka, akaishika, akaifungua, akaifunga upya, maana haikuwezekana kumwacha atoke vile. Alichukua muda mrefu kuliko inavyostahili. Renji alisimama akiwa ameinua kidevu. Chizuru alipomaliza alipitisha kidole mara moja pale chini ya kidevu aliponyoa vibaya.

Renji alirudi nyuma hatua moja. Mikono akaiweka ubavuni, akainama mbele yake, mgongo umenyooka, chini sana, jinsi anavyoinamiwa mtu usiyemjua.

"Bi Okabayashi," alisema, kwa adabu zote za nje. "Ahsante kwa kusikiliza."

Na Chizuru, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, akainama naye.